Taya la Chuma na Mpunga wa Mkula

Funguo za karakana nilizikabidhi siku ya Ijumaa. Jumatatu yake asubuhi nikajikuta nimevaa ovaroli na viatu vya kazi, nimesimama mlangoni kwangu kama mgeni. Mke wangu akaniuliza naenda wapi. Nikamwambia siendi popote, nakaa kuandika. Ndiyo maana leo mnasoma haya, vijana wangu.

Mnanijua. Mimi ni Damasi, Fundi Damasi, mtu wa darasa la saba. Na sijisifu bure: kwa miaka yote niliyokaa pale kwenye kituo cha utafiti wa kilimo Ifakara, hakuna chombo kilichotoka kwenda shambani bila kupita kwenye mikono hii. Vyeo nilivyopewa na mshahara niliolipwa nitaviruka, maana havimfundishi mtu kitu. Nitawaeleza kazi.

Ufundi niliuanzia Lupiro, ng'ambo ya mto, nikiziba pancha. Lupiro kila mtu ana baiskeli au pikipiki, na njia zote zina miiba, kwa hiyo sikuwahi kukosa wateja. Kutoka kwenye pancha nikaingia kwenye minyororo, kutoka kwenye minyororo nikaingia kwenye injini, na nilipohamia Mkula, kwenye barabara ya Kidatu, nikakabidhiwa mashine ya kukoboa mpunga peke yangu. Hakuna aliyenifundisha kusoma mchoro. Niliifungua yote, nikaipanga kwenye turubai, nikairudisha, na nati mbili zikabaki. Mashine ikafanya kazi vizuri kuliko mwanzo. Zile nati ninazo mpaka leo.

Kituoni niliitwa kutengeneza kinu kidogo cha kukobolea sampuli, kazi ya wiki moja, nikabaki mpaka nikastaafu. Siku ya kwanza nilimkuta Mzee Athumani, mkuu wa karakana, mtu aliyemaliza ujana wake kwenye mitambo ya miwa kule Kidatu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unasikia?"

"Nasikia, mzee."

"Sijauliza kama una masikio."

Akanipa bisibisi ndefu. Akawasha injini, akanionyesha niweke ncha ya bisibisi kwenye beringi na mpini wake kwenye mfupa nyuma ya sikio. Kelele zote za karakana zikafa, nikabaki na beringi ile moja inanong'ona kichwani mwangu.

"Haya, niambie."

"Kuna kitu kinasaga, mzee. Upande wa puli."

"Chai iko kwenye birika lile," akasema. Hiyo ndiyo ilikuwa barua yangu ya ajira. Bisibisi ile alinipa moja kwa moja, na nitaitaja tena.

Baada ya miaka kadhaa, Mzee Athumani akiwa ameshastaafu na kurudi kwao, wakaanza kuja vijana wa algoriti. Walikuja wa aina mbili. Wapo wa fildi, wanafunzi wa vyuo wanaokaa miezi michache kujifunza kazi kwa vitendo. Na wapo watafiti wachanga, waliomaliza chuo na kushindania ufadhili, wao wanauita feloshipu, ili wakae miaka miwili watengeneze kitu kimoja mpaka kisimame. Mkurugenzi akaamua wote wapitie karakana kwanza, chini yangu. Aliamua vizuri.

Wa kwanza alishuka kwenye gari na begi moja la mgongoni. Nikamuuliza mashine yake iko wapi nimsaidie kushusha. Akaligonga begi. "Imo humu, Fundi." Nilicheka nusu saa. Halafu nikamwambia anieleze, na nilipoelewa nikaacha kucheka, kwa sababu algoriti ni jambo nililokuwa nalifanya maisha yangu yote bila kulijua jina. Ni mfuatano wa hatua. Ninavyowafundisha kufungua gia, kwanza hiki, kisha kile, ukikuta hivi fanya vile, ndiyo hiyo. Tofauti ni kwamba kompyuta haiendi kunywa chai. Na zile za kisasa hazipewi hatua zote. Zinaonyeshwa mifano mingi, kila mfano na jibu lake, halafu zinajitafutia njia zenyewe. Ishikeni hiyo habari ya mfano na jibu lake, maana hapo ndipo tulipotaka kuzama.

Sitawachosha na kila mmoja. Yule wa begi alitengeneza kamera ya kuhesabu magunia ghalani, nami nikaifungia kwenye boriti. Hesabu ilikuwa sawasawa kila siku, ila kila mchana gunia moja lilizidi, na jioni likapungua. Tulibadilisha nyaya, tukabadilisha kamera, kijana akakonda. Mwishowe nikaenda kukaa mle ghalani mwenyewe. Mlinzi wetu alipomaliza kula, akajivika gunia mpaka kichwani kwa ajili ya nzi, akalala kwenye safu kama mwenzao. Algoriti ilikuwa imefanya kazi yake. Nilimwambia kijana aandike kwenye ripoti kwamba hitilafu ilikuwa ya kibaiolojia.

Sasa nije kwa Skolastika.

Alikuja kama mwanafunzi wa fildi, binti wa Idete, wazazi wake wakulima wa mpunga. Msimamizi wake wa kitaaluma alikuwa Dokta Masanja, mtu mpole, mwenye hofu na kila kitu. Asubuhi ya kwanza binti akanisalimia vizuri, akasimama pembeni mpaka nimalize kuchomelea, kisha akasema, "Fundi, nataka unitengenezee mashine inayong'ata."

"Ing'ate nani?"

"Punje ya mpunga."

Nikazima moto nikavua miwani. Hilo lilikuwa ombi la mtu wa kwetu. Bonde hili lote hakuna mpunga unaouzwa wala kukobolewa kabla haujang'atwa. Mtu anachovya mkono guniani, anatoa punje, anaiweka kwenye meno ya mbele. Ikilia "ka", mpunga umekauka. Ikibonyea kimya, ni mbichi. Vipimo vya unyevu vya umeme vipo, lakini vikiharibika vinamsubiri mtu wa Dar, na meno hayaishi betri. Tena kipimo kinakwambia habari za maji tu. Hakikwambii kama punje imepasuka ndani. Mpunga wa namna hiyo ukiingia kwenye mashine unatoka chenga, vipandevipande, mchele ambao hautafutwi na mtu ila mpika vitumbua.

"Mama yangu kila mwaka watu wanaung'ata mpunga wake, wanausifia," Skola akaniambia. "Anaupeleka mashineni, unatoka chenga. Anadhani ana mkosi."

Wazo lake lilikuwa hili: kila punje inapovunjika ina mlio wake. Taya la chuma ling'ate, kompyuta isikilize mlio, iseme kama mpunga ukobolewe au usubiri. Na palikuwa na jambo jingine nyuma yake. Mwaka ule kituo chetu kilikuwa na nafasi moja tu ya feloshipu. Jopo la wafadhili lingekuja Ifakara kuona chombo kikifanya kazi kwenye uwanja wa kukobolea, mbele ya watu wa mpunga wenyewe. Kikifaulu, anakaa miaka miwili anakikamilisha. Kisipofaulu, fildi yake imeisha, kompyuta ya kituo anairudisha, wazo linabaki kabatini, na yeye anapanda basi kurudi Idete.

"Nitarudi nimwambie mama nini?" aliniuliza. "Kwamba mkosi nimeuona kwa macho?"

Nikamwambia, "Mwanangu, kitu nilichochomelea mimi hakijawahi kurudishwa." Na ilikuwa kweli, isipokuwa geti la paroko, na lile kosa lilikuwa la fundi rangi.

Taya la kwanza nililitengeneza kwa msumeno wa chuma uliokatika. Likazisaga punje kama karanga. La pili nikalitoa kwenye beringi kuukuu, chuma kigumu, nikalinoa kwa mkono siku nzima, nikaliwekea springi ya pampu ya baiskeli kutoka kwa rafiki yangu wa Lupiro. Likang'ata vizuri kabisa, polepole, kama mtu anayefikiri. Shida ikawa kusikia. Pale uwanjani kuna mashine tatu za kukoboa, malori, na watu wanaobishana. Kinasa sauti cha Skola kilikuwa kinanasa vyote, na punje haisikiki.

Nikamletea bisibisi ya Mzee Athumani. Nikaweka ncha kwenye taya na mpini nyuma ya sikio lake. Taya likang'ata. Nikamwona macho yanafunguka.

"Fundi, kinasa sauti tusikiweke hewani," akasema. "Tukibandike kwenye chuma chenyewe."

Na hapo ndipo nilipoona tofauti ya binti huyu. Mimi bisibisi ile nilikuwa nayo miaka yote, nikaitumia kwa beringi tu. Yeye aliishika mara moja akaona chombo kizima.

Akaingia uwanjani kukusanya mifano. Kila akimwona mtu anang'ata mpunga, anachukua punje za gunia lilelile, taya linang'ata, kompyuta inanasa, naye anamuuliza yule mtu: umekauka au mbichi? Jibu analiandika pamoja na mlio. Mamia kwa mamia. Mimi mwenyewe nilimng'atia mpaka fizi zikauma, na kila jibu nililitoa kwa kujiamini. Pale uwanjani meno yangu yalikuwa na heshima yake.

Zilipobaki siku chache jopo lije, tukajaribu ndani ya banda la pale uwanjani. Tukaliwekea taya mpunga uliotoka majini juzi, mbichi mpaka unanuka tope. Kompyuta ikasema umekauka. Tukaweka mpunga mkavu wa ghalani. Ikasema mbichi. Tukaweka tena uleule. Ikasema umekauka. Ilikuwa kama mtu aliyelewa anaulizwa njia.

Dokta Masanja akavua miwani yake akaifuta. "Skolastika, labda tuombe jopo waahirishe."

"Wakiahirisha, nafasi inakwenda kituo kingine, Dokta."

"Najua. Lakini ni bora kuliko aibu."

Skola akafunga kompyuta. Akatoka nje akakaa juu ya magunia, akaweka mikono kwenye mashavu. Nilikagua taya, nikakagua springi, kila kitu kilikuwa sawa, kama nilivyotegemea. Nikamfuata nikakaa karibu naye.

Mbele yetu alikuwa Mama Kulwa, mnunuzi wa mpunga, mama mwenye sauti inayofika Idete bila simu. Alikuwa anabishana na mkulima wa Lupiro aliyeleta magunia kwa pikipiki. Akang'ata punje, akatema.

"Mbichi huu. Unaniletea uji."

"Mama Kulwa, mpunga huu unalia kama kengele."

"Kengele ya kwenu imelowa. Shusha bei au upakie."

Mkulima akanung'unika, akashusha bei, akaondoka. Chai ya Mama Kulwa haijapoa, likaingia lori la mfanyabiashara wa Morogoro. Mama Kulwa akasimama mbele ya magunia yaleyale, akachovya mkono, akang'ata punje chini ya sikio la yule bwana.

"Umesikia mlio huo, baba? Huu umekauka mpaka unataka kuimba."

Skola akaondoa mikono kwenye mashavu. Akanitazama, akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi.

"Fundi," akasema, "nimeifundisha mashine kupatana bei."

Ndivyo ilivyokuwa. Mifano ilikuwa mizuri, majibu ndiyo yalikuwa ya sokoni. Muuzaji alisema umekauka, mnunuzi alisema mbichi, kwa mpunga uleule, na kompyuta masikini ikajitahidi kuwaamini wote. Mtu wa mbali angedhani watu wetu ni waongo. Wala. Hiyo ni salamu ya biashara hapa kwetu, kila mtu anajua namna ya kuipokea, isipokuwa kompyuta. Na Skola, mtoto wa Idete, amekua akiisikia, ndiyo maana hakuisikia.

Akasimama akajikung'uta pumba. "Majibu yote tunayatupa. Hatumuulizi mtu tena. Tunauliza mashine ya kukoboa."

Mpango ulikuwa wake, mitambo ilikuwa yangu. Tulitoa kile kinu kidogo cha sampuli nilichokitengeneza mwanzo kabisa wa kazi yangu. Tukachukua punje kutoka kila gunia tulilopewa ruhusa: taya linang'ata, kinu kinakoboa kikombe kimoja cha mpunga uleule, kisha mchele unakwenda kwenye ungo kutenganisha nzima na chenga. Wingi wa chenga ndilo jibu. Chenga hazina mnunuzi wala muuzaji.

Nilihitaji mikono ya ungo. Nikamwendea Mama Kulwa.

"Kwa hiyo mnasema mimi niliiharibu kompyuta," akasema.

"Ulisaidiwa na uwanja mzima."

"Na wewe je? Wewe hununui wala huuzi."

"Mimi nilipatia."

Skola akaingilia bila kuinua kichwa. "Fundi umepatia mingi. Wa Idete umeukosea karibu wote."

Nililisingizia jino la juu. Mama Kulwa akafurahi sana, akavua viatu, akakaa chini na wenzake wanne, wakapepeta na kuchambua mpaka Skola akasema imetosha. Hawakudai kitu, ila Mama Kulwa aliweka sharti: siku ya jopo, gunia la mwisho la majaribio alilete yeye.

Siku ikafika. Jopo lilikuwa watu watatu, kiongozi wao mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba, mtu wa maneno machache. Uwanja ulijaa. Dokta Masanja alikuwa ameloa jasho kabla jua halijapanda. Gunia la kwanza lilikuwa bichi: taya likasema usubiri, tukakoboa kidogo, kweli ukapondeka. La pili lilikuwa zuri: taya likasema ukobolewe, ukatoka mchele mrefu, mzima. La tatu vilevile. Jopo wakaandika. Mimi nikaanza kusimama kama mtu anayepigwa picha.

Ndipo Mama Kulwa akaleta gunia lake.

Akalifungua mwenyewe, akang'ata, akawagawia watu. Mlio ulikuwa safi, mkali. Mkulima wa kwanza akasema umekauka. Wa pili akasema umekauka. Mmoja wa jopo, mtoto wa wakulima wa Kyela, akang'ata akatikisa kichwa kukubali. Nikang'ata mimi. Ka. Sijawahi kung'ata mpunga mzuri kama ule, na nikasema hivyo kwa sauti.

Skola akaliwekea taya punje. Likang'ata polepole. Akasoma kioo, akaweka punje nyingine. Kisha akageuka.

"Mashine inasema usikobolewe. Umepasuka ndani. Utatoka chenga."

Uwanja ukaguna.

"Binti, unanitukania mpunga," Mama Kulwa akasema. "Huo ni wangu, nimeununua kwa macho yangu."

Kiongozi wa jopo akamtazama Skola juu ya miwani. "Watu wote hapa wamesema tofauti. Una hakika, au tuseme mashine imepitiwa?"

Dokta Masanja alikuwa anatazama viatu vyake. Skola akanitazama mimi. Najua alichokuwa anauliza. Nikisema mashine imepitiwa, kila mtu ataniamini, gunia litawekwa pembeni, na yeye atabaki na matatu aliyopatia, pengine yakatosha. Nikisema vinginevyo, meno yangu yameshatoa ushahidi mbele ya uwanja mzima kwamba si kweli.

Nikakumbuka beringi ile ya siku ya kwanza. Nikachukua bisibisi, nikaweka ncha kwenye taya na mpini nyuma ya sikio, nikamwambia Skola, "Ling'ate tena." Mdomoni punje ile ilikuwa imelia "ka" moja. Kwenye chuma ililia mara mbili, karibukaribu, kama mlango unaofunguka kabla hujausukuma.

"Mimi nimesema mzuri," nikawaambia jopo. "Mashine inasema chenga. Mkinipa ruhusa, mimi niko upande wa mashine."

"Una hakika gani?" kiongozi akauliza.

"Nimeichomelea mimi."

Skola akavuta pumzi. "Ukobolewe wote," akasema. "Gunia zima, kwenye mashine kubwa."

Wakamimina. Mashine ikaunguruma, pumba zikaruka, mchele ukaanza kushuka kwenye mdomo wa bati. Mama Kulwa alikuwa wa kwanza kuweka kiganja. Akautazama. Akautia kwenye ungo, akaurusha mara mbili, akausogeza mbele ya yule mama wa miwani. Chenga tupu. Nzima ungeweza kuziokota kwa vidole.

Mashine ikazimwa.

"Mama," Skola akauliza taratibu, "mpunga huu ulianikwa wapi?"

"Mkula."

"Mkula wapi?"

Mama Kulwa akapangusa mikono. "Barabarani. Lami inakausha upesi."

Lami yenyewe. Asubuhi lami ina umande, mchana inachoma kama kikaango, punje inakauka nje kabla ya ndani, inapasuka ikiwa bado kwenye ganda lake. Mdomoni inalia vizuri kuliko zote. Mimi nimeishi Mkula, nimeyakwepa matandazo hayo ya mpunga barabarani kwa baiskeli miaka mingi, na sikuwahi kuyasikia. Skola alitazama ule ungo, akasema kwa sauti ndogo, "Hata mama huanika barabarani." Hapo nikajua mkosi wa Idete umepata jina.

Kiongozi wa jopo akafunga kalamu yake. "Tumeona cha kutosha," akasema. Kisha akamwomba Mama Kulwa zile chenga, akaondoka nazo kwenye mfuko. Sijui kama alizipeleka ofisini au alipika vitumbua. Nafasi akapewa Skolastika.

Miaka miwili ile ikapita, taya moja likawa mataya matano, na moja liko Idete, kwenye mashine anayokobolea mama yake, ambaye siku hizi anaanika kwenye turubai na halisemi tena neno mkosi. Skola sasa ndiye anayepokea wanafunzi wa fildi. Anawapeleka kwanza uwanjani wasikilize watu wanavyopatana bei, wiki nzima, ndipo wafungue kompyuta. Namsikia akiwaambia wasimwamini mtu yeyote anayeuza, anayenunua, wala Fundi Damasi.

Hilo la mwisho silikatai. Katika bonde hili, kutoka Kidatu mpaka Lupiro, niling'ata mpunga na watu wa kila namna, na hakuna aliyewahi kunishinda isipokuwa mmoja, naye nilimtengeneza mwenyewe kwa beringi kuukuu na springi ya baiskeli. Nani mwingine anaweza kusema hivyo?

Nimestaafu kwa hiari. Meno yangu ya mdomoni nimeondoka nayo. Yale ya chuma nimewaachia ninyi: yatieni mafuta, yanoeni kwa mkono, na Mama Kulwa akija kuyaazima, mwambieni yana kazi.